Binti amefika pale baba anapomwimbia pacha mdogo huku anamchoma sindano. Nimwache aendelee na kitabu hiki, The Giver?

MamaMdogo_Tanga

Habari zenu wapendwa. Swali langu ni la kitabu, lakini limeanzia nyumbani, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Nalea binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Mama yake alifariki mwaka jana. Siku ya mazishi mtoto alilia, lakini wanawake waliojaa ukumbini walimzunguka wakimnyamazisha: usilie, utamsumbua mama yako kaburini, jikaze, sasa wewe ndiye mkubwa wa wadogo zako. Akajikaza. Tangu siku hiyo sijaliona chozi lake. Shuleni mwalimu mmoja alinisifia kwamba mtoto wangu ana moyo wa chuma. Nikasema asante, na mpaka leo inaniuma kwamba nilisema asante.

Mwezi uliopita nilimnunulia vitabu vinne vya mitumba pale stendi. Kimoja ni The Giver cha Mmarekani Lois Lowry, kilichotoka mwaka 1993. Sikuwa nakijua, nilivutiwa na uso wa mzee mwenye ndevu kwenye jalada. Binti alikisoma siku tatu mfululizo. Siku ya nne, saa mbili usiku, nikasikia kitu kimebamizwa ukutani. Mara akaja jikoni. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi, yeye amesimama mlangoni, hasogei. Akaniuliza: "Mamdogo, mtu anaweza kuua mtoto huku anamwimbia?"

Sikuwa na jibu kwa sababu sikujua anaongelea nini. Nikakiokota kile kitabu, nikakisoma mwenyewe usiku mbili.

Kwa ambao hamjakisoma: kijana anaitwa Jonas, ana miaka 12. Kwao hakuna njaa, hakuna vita, hakuna baridi wala mvua ya kushtukiza. Rangi pia hakuna. Tufaha liko mkononi na hawajui kama ni jekundu. Kazi unapangiwa, mume unapangiwa, watoto unaomba unapewa, wa kiume mmoja na wa kike mmoja basi. Ukianza kubalehe unapewa kidonge kila asubuhi ili mihemko itulie, na utakimeza mpaka uzeeni. Kumbukumbu zote za kale, tamu na chungu, amebebeshwa mzee mmoja ili wengine wote walale salama. Jonas anachaguliwa kumrithi. Analala kifudifudi, mzee anamwekea viganja mgongoni, na kijana anaona theluji, anahisi jua likimbabua, anahisi mguu ukivunjika, mwisho anapewa hata vita.

Halafu siku moja anaonyeshwa mkanda wa video wa baba yake akiwa kazini. Baba huyu ni mpole, kazi yake ni kulea vichanga kabla hawajagawiwa familia. Wamezaliwa mapacha wanaofanana, na sheria ya kwao haitaki watu wawili wa sura moja. Anawapima uzito. Aliye mwepesi anachomwa sindano kwenye mshipa wa kichwani, anawekwa ndani ya boksi, boksi linasukumwa kwenye tundu la ukutani kama la taka. Na baba anampungia mkono, kwa ile sauti ya kubembelezea watoto.

Sasa maswali yangu. La kwanza, nimwache amalize? Kinamfaa mtoto aliyefiwa? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nilimwambia binti kwamba watu wale hawana hisia, ndiyo maana. Akanikatalia. Akasema: "Wanazo, Mamdogo. Kila jioni wakishakula wanakaa mezani, kila mmoja anasema siku hiyo amehisi nini, na wengine wanamsikiliza. Wale angalau wanaulizana. Mimi hapa nani ananiuliza?"

Nimebaki hapo. Kama wanaongea hisia zao kila siku, walichonyang'anywa ni nini?

MwalimuKilifi

Pole sana dada, na umpe binti pole zangu. Mimi hufunza Kiswahili shule ya upili na nina chama cha kusoma cha Jumamosi. Kitabu hiki tumekisoma mara mbili. Binti yako ni msomaji makini, maana swali lake ndilo uti wa mgongo wa hadithi yenyewe.

Mwambie arudi sura ya 17, kabla ya ule mkanda. Jonas ameshapewa vita na majonzi. Anakumbuka zile jioni za kusema hisia na jamaa zake, dada yake mdogo Lily akisema amekasirika, mama akisema amehuzunika. Sasa anatambua kwamba hiyo haikuwa hasira wala huzuni. Lily alikereka tu. Mama aliguswa kidogo, na alipofarijiwa kwa maneno mawili, yakaisha. Yeye amebeba huzuni ambayo haiondolewi kwa kusemwa mezani. Kwa hiyo hisia wanazo, ila zimekatwa zikawa fupi, kila moja itoshee kwenye zamu yake baada ya chakula cha jioni.

Angalia wanavyoomboleza. Mtoto wa miaka minne, Caleb, alianguka mtoni akafa. Kijiji kizima kikalitamka jina lake kutwa nzima, kwa sauti inayopungua na kupungua mpaka likapotea. Kisha wazazi wakaletewa kichanga kingine, nacho kikaitwa Caleb, na jina likaanza kutamkwa upya kwa sauti ya kupanda, kana kwamba ni yule yule anarudi. Wanafunzi wangu wa Pwani waliposoma hapo walinyamaza. Mmoja akauliza: na matanga? Nani alilala chini? Nani aliwapikia wafiwa?

Jambo jingine lililotushughulisha ni kile kitendo cha sindano. Kwao kina jina zuri, "release", na sisi tulitaka kulitia katika Kiswahili. Tulianza na "kuachiliwa". Watoto wakakataa, wakasema anayeachiliwa hushangilia, huachiliwa mfungwa. Tukajaribu "kutolewa", likawa kama mpira. Kisha msichana mmoja, ambaye nyanya yake alikuwa amelazwa wiki hiyo, akasema neno ni "kuruhusiwa". Akaeleza: daktari akisema mgonjwa ameruhusiwa, nyumbani watu hupika. Sasa fikiria mahali ambapo kila ukisikia mzee ameruhusiwa, watu wanapika, na yeye amekufa. Sijawahi kusikia tafsiri iliyonishika kama hiyo.

Sisi pia tuna maneno laini ya kifo. Twasema ametutoka, ametangulia. Lakini anayeyasema anajua, na anayeambiwa anajua. Kule neno limewekwa ili hata mshika sindano asijue.

Kuna kitu ningependa wenzangu mliosoma riwaya ya Kusadikika mkifikirie. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, na humo uhuru unaminywa kwa njia tunayoijua vizuri: Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema ya nchi wanarudi na kutiwa gerezani. Lakini hakuna aliyemnyang'anya Karama uchungu wake. Ndio aliosimama nao barazani akajitetea. Kwa Jonas gereza halihitajiki, kwa sababu kile ambacho kingemfanya mtu ainuke kimeshaondolewa asubuhi, kwa kidonge na maji. Mimi naona hilo ni la kutisha zaidi ya pingu.

BabaWatatu

Samahani, mimi nitakwenda kinyume na mwalimu. Mtoto amefiwa na mama, mnampa kitabu cha kichanga kuuawa na mlezi wake? Nimesoma muhtasari, na mwisho huyo kijana anatoroka usiku kwa baiskeli ya baba yake. Tunawafundisha nini? Kwamba wazazi ni waongo na dawa ni kukimbia? Mtoto wa umri huo anahitaji kitu cha kumtia moyo. Huzuni anayo ya kutosha, hana haja ya kuongezewa. Nasema haya kwa nia njema, nami nina watatu, wa mwisho ana 12.

Muuguzi_wa_Watoto

Naomba nijibu lile swali la jikoni, kwa sababu linanihusu kwa mikono yangu.

Mimi ni muuguzi wadi ya watoto, mwaka wa 11 sasa. Sindano ya kichwani naijua. Mtoto anapoletwa amekaukiwa maji, mishipa ya mikononi na miguuni inakuwa imejificha. Unanyoa nywele kidogo juu ya paji, unapapasa kwa kidole mpaka uupate mshipa, unashika pumzi, unaingiza. Na wakati wote huo ninaimba. Wengi wetu tunaimba, au tunasema yale maneno yasiyo na maana, haya basi baba, haya mwanangu, inaisha sasa hivi. Kwenye kitabu yule baba anamwambia kichanga kwamba anajua inauma, ila mishipa ya mikononi bado ni midogo mno. Maneno hayo nimeyasema mwenyewe, karibu hivyo hivyo. Nilikifunga kitabu nikakaa nimeangalia mikono yangu.

Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza. Mwambie binti anaweza, na si kwa sababu ni katili. Baba wa Jonas anajua sindano inauma. Hajui kifo ni nini. Hajawahi kumlilia mtu, hajawahi kuwa na mtu ambaye akikosekana nyumba inabadilika. Kichanga kwake ni kazi ya asubuhi, ameifanya kwa usafi, amemaliza. Fiona, rafiki wa Jonas, mpole kama huyo baba, naye anafundishwa kazi hiyo hiyo kwenye nyumba ya wazee, na ana miaka 12 tu.

Mimi wimbo wangu hukatika. Kuna siku ninaimba na katikati sauti inakwama, kwa sababu nimemwona mtoto macho yanapanda juu. Nikiwa mwanafunzi niliambiwa nijizuie, niwe mkavu, nitazoea. Nimezoea mambo mengi, hilo sijalizoea, na siku nitakapolizoea nitaomba nihamishiwe stoo ya dawa. Kukwama kule ndiko kunakonifanya niite daktari mapema.

Dada, usimlazimishe binti alie. Lakini kutupa kitabu ukutani na kuja jikoni kusimama mlangoni, huko pia ni kulia. Na BabaWatatu, kaka yangu, kitabu hakikumwongezea huzuni. Alikuwa nayo mwaka mzima, haina mahali pa kukaa.

Nasubiri_Chuo

Mimi nilikisoma nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Baba alishaamua nitakwenda PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, shangazi naye ameshaniita daktari. Kuna pale Jonas analalamika kwamba hawezi hata kuchagua asubuhi avae nguo nyekundu au ya buluu. Halafu yeye na mzee wanaendelea kuongea: je, watu wakichagua mume vibaya? Wakichagua kazi vibaya? Na Jonas mwenyewe anaogopa! Anasema watu wanatakiwa walindwe wasije wakachagua vibaya. Nilisoma ukurasa huo mara tano. Nilijiona mimi, maana kumbe kumwachia baba aniamulie kulikuwa kunanipa usingizi mzuri.

Nilimwambia baba nataka HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alinuna wiki nzima. Tulinuna wote, tukaongea, tukanuna tena. Kwenye kile kijiji cha Jonas nadhani ingechukua dakika mbili, mmoja angeomba radhi na mwingine angejibu nimepokea radhi yako, basi.

MamaMdogo_Tanga

Asanteni sana, na BabaWatatu asante pia, nimekusikia. Hofu yako ilikuwa yangu. Lakini binti hakukimbia nyumba baada ya kusoma, alinijia mimi jikoni. Na kijana wa kwenye kitabu hakimbii kwa kuwachukia wazazi. Anakimbia kwa sababu kuna mtoto mwingine, Gabriel, ambaye hakui vizuri na halali usiku, na kesho yake asubuhi baba huyo huyo atampeleka kwenye chumba kile. Anampakia kwenye kiti cha mtoto nyuma ya baiskeli, anaendesha usiku kucha. Hapo nilisoma nimeshika shavu.

Muuguzi, nilimsomea binti maneno yako yote. Pale wimbo unapokwama aliniambia nirudie.

MwalimuKilifi

Nilisahau jambo moja ambalo huenda likamfaa binti. Mwandishi mwenyewe alifiwa na dada yake, Helen, akiwa bado kijana, kwa saratani. Kitabu chake cha kwanza cha watoto, cha mwaka 1977, kilitokana na msiba huo. Miaka mingi baadaye baba yao akazeeka, kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Akitazama picha ya Helen ukutani, anauliza yule binti yuko wapi, kumepita nini. Lowry anamwambia: baba, alifariki. Mzee anapata uchungu upya. Baadaye anasahau, anauliza tena. Lowry, ambaye mwaka 1994 kitabu hiki kilimpatia Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, amewahi kulieleza hilo: kwamba hapo ndipo alipoanza kujiuliza ingekuwaje kama watu wote wangeweza kusahau maumivu.

Kwa hiyo aliyeandika kile kisa cha kumbukumbu ni mtoto wa mzee aliyesahau msiba wa bintiye. Na BabaWatatu, hauko peke yako. Miaka ya 1990 kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba na shule za Marekani, kisa kile kichanga, kisa vidonge. Wakati huohuo shule nyingi ziliendelea kukifundisha.

BabaWatatu

Nimesoma hilo la baba yake na picha. Mama yangu yuko katika hali hiyo hiyo sasa, ananiuliza alipo mdogo wangu aliyefariki mwaka 2016. Kuna siku namwambia ukweli, kuna siku namwambia yuko safarini. Sijui lipi ni sahihi. Nitakitafuta kitabu, nikisome kwanza mwenyewe.

MamaMdogo_Tanga

BabaWatatu, pole ndugu yangu. Mungu ampe mama wepesi, na wewe akupe subira. Mimi nisingekulaumu kwa siku yoyote kati ya hizo mbili.

Narudi kuwaambia tulikofika. Juzi Jumamosi tulikimaliza pamoja, yeye anasoma kwa Kiingereza, akichoka namsimulia kwa Kiswahili. Mwisho wake umetugawa. Jonas yuko juu ya kilima, theluji kila mahali, amemkumbatia Gabriel ambaye amepoa, wanateleza na kigari kwenda chini kwenye taa na muziki. Mimi nilisema wamefika. Binti alisema wamekufa, na alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akasema: "Au wamefika. Sijui. Sitaki kuamua leo." Nikamwambia basi tusiamue.

Jioni, baada ya magharibi, nilikuwa nimetandika mkeka uani. Akaja, akalala kifudifudi, akapandisha fulana kidogo mgongoni. Nikadhani anataka nimkande. Akasema: "Nipe moja, Mamdogo. Ya mama. Ambayo siijui."

Nikaweka viganja. Nilitetemeka, nawaambia ukweli. Nikampa ile ya Muheza. Dada ana miaka tisa, mimi sita, tunarudi Tanga kwenye basi lililojaa, hatuna kiti, tumekalishwa juu ya gunia la machungwa la mama mmoja. Dada akatoboa gunia kwa kidole, akatoa chungwa, akalimenya kwa meno, akanipa nusu. Yule mama akageuka, akatuona, maji ya chungwa yanatiririka mpaka viwikoni. Dada akamwambia: shikamoo. Mama yule akacheka, akatuambia tule na jingine, ila tusitoboe tundu la pili.

Binti alicheka kwanza. Mabega yake yakacheka chini ya mikono yangu, na baada ya muda nikahisi hayacheki tena. Sikusema jikaze. Sikusema kitu. Wadogo zake wakaja wakauliza kuna nini, yeye mwenyewe akawajibu bila kuinua uso, kwamba analia, watulie. Tulikaa pale mpaka mbu wakatushinda.

Tangu hapo amechukua tatu nyingine, na amenipa mbili ambazo mimi sikuwa nazo. Moja ni ya kanga. Tulipogawa nguo za marehemu baada ya arobaini, kumbe alificha pande moja ndani ya foronya ya mto wake, na hajaifua. Nilikuwa nimeitafuta kanga ile nikidhani imechukuliwa na watu.

Mwalimu, kwenye jalada la nyuma imeandikwa kuna vitabu vingine vinavyoendeleza kisa hiki. Binti anataka kujua habari za Gabriel. Ni kipi hicho, na ninaweza kukipata wapi huku kwetu?

MwalimuKilifi

Viko vitatu zaidi: cha mwaka 2000, cha 2004, na cha nne, Son, cha 2012. Gabriel utampata kwenye hicho cha nne, keshakuwa kijana, pamoja na mama aliyemzaa na akanyimwa. Mwambie binti asimuulize mtu yeyote kilichompata Jonas mpaka afike mwenyewe. Mimi ninayo nakala ya ziada ya Son, imechanika jalada lakini kurasa zote zimo. Mabasi ya Mombasa kwenda Tanga yapo kila siku. Nitumie ujumbe faraghani tupange.